Itunze Baiskeli Yako Kama Ng'ombe wa Maziwa

Mashauri kwa wakulima wa skimu juu ya kununua, kufunga na kupanda baiskeli chotara



Chukua kalamu na karatasi tufanye hesabu kidogo. Tuseme shamba lako liko kilomita 6 kutoka kituo cha kupozea maziwa. Mtu aendaye kwa miguu huku amebeba mkebe hutembea kama kilomita 5 kwa saa, basi atafika kwa muda wa saa moja na dakika 12. Mwenye baiskeli, akienda polepole kilomita 12 kwa saa, atafika kwa dakika 30. Ameokoa dakika 42. Akirudi nyumbani ameokoa dakika 42 nyingine. Kwa siku moja hizo ni dakika 84, na kwa mwezi wa siku 30 ni dakika 2,520, yaani saa 42. Ukihesabu saa 8 kuwa siku moja ya kazi, umepata siku tano na zaidi za kupalilia, kukata majani ya ng'ombe au kutengeneza ua.

Iko na faida ya pili. Maziwa yanapotoka kwenye kiwele yana joto la mwili wa ng'ombe, na katika joto hilo vijidudu huzaana upesi sana. Kila nusu saa inayopita njiani ni nusu saa ya kuyaharibu. Mkulima ambaye maziwa yake yamekataliwa kituoni amepoteza jasho la siku nzima, na ng'ombe hatamrudishia majani aliyokula.

Lakini baiskeli hutoa faida hizi kwa mtu aitunzaye tu. Hakuna mkulima anayemnunua ng'ombe wa gredi akamwacha alale nje bila kamba, asimwogeshe kupe, asimtazame kwato, kisha akalalamika kwamba hatoi maziwa. Baiskeli nayo ni hivyo hivyo. Yataka kutazamwa kila siku kidogo kidogo, yataka kufungwa, na yataka kupewa mzigo wa kadiri yake. Basi mwezi huu tuzungumze habari ya baiskeli chotara, ambayo siku hizi yaonekana sana sokoni, mpya na ya mtumba.

CHOTARA NI NINI?

Neno hili si geni kwako. Mwaka 1964 wataalamu wa Kitale walitoa mahindi chotara ya kwanza ya Kenya, na miongoni mwake ilikuwamo H611, iliyopatikana kwa kuunganisha mahindi ya Kitale na mahindi ya kutoka Ecuador. Kila mzazi alitoa sifa yake, na mtoto akawapita wote wawili kwa mazao.

Baiskeli chotara ilizaliwa kwa njia kama hiyo katika miaka ya 1980. Mzazi wa kwanza ni baiskeli ya barabara ya lami, yenye magurudumu makubwa na mwendo mwepesi. Mzazi wa pili ni baiskeli ya milimani, yenye usukani ulionyooka, breki kali, na gia nyingi za kupandia mlima. Mtoto wao ana magurudumu makubwa, matairi ya upana wa kati, usukani ulionyooka na gia nyingi. Huenda vizuri kwenye lami na kwenye barabara ya changarawe iliyo na hali ya wastani.

Na ile baiskeli nzito nyeusi tuliyokua nayo, ambayo watu huiita Black Mamba? Hiyo nayo ina heshima yake. Ni ya chuma kizito, haina gia, na kwa kawaida gurudumu lake la nyuma lina spoki 40. Baiskeli chotara nyingi zina spoki 36 au 32, na nyingine hata chini ya hizo. Kwa hiyo sema kweli na nafsi yako kabla hujatoa fedha. Ikiwa kazi yako kubwa ni kubeba magunia ya mahindi na kuni, nunua ile nzito. Ikiwa kazi yako ni maziwa, mboga, mayai, safari za sokoni na za mkutano wa ushirika, na hasa ikiwa njia yako ina milima kama vile Kinangop au Sotik, chotara itakufaa zaidi.

UNAPOKWENDA KUNUNUA

Usinunue kwa rangi. Mnunuzi wa ng'ombe hutazama kiwele, miguu na meno. Wewe nawe tazama mambo haya:

1. Fremu. Beba sumaku ndogo mfukoni. Ikishika, fremu ni ya chuma. Isiposhika, mara nyingi ni ya aluminiamu. Ya aluminiamu ni nyepesi na haishiki kutu, lakini ikipasuka, fundi wa kuchomelea wa pale sokoni hataweza kuiunganisha ikawa imara. Ya chuma yeye aweza. Kwa mkulima aliye mbali na mji, chuma chafaa. Hata hivyo, fremu yoyote ya mtumba itazame kwenye maungio yote, hasa nyuma ya usukani na chini ya kiti. Ufa mwembamba kama unywele ni sababu ya kutosha ya kuiacha.

2. Magurudumu. Inua baiskeli, zungusha gurudumu, tazama rimu ikipita karibu na raba ya breki. Ikiyumba kidogo fundi ataiweka sawa kwa kukaza spoki. Ikiyumba sana, acha. Pitisha ukucha kwenye ubavu wa rimu pale raba inapogusa: ukikuta umeliwa na kuwa kama bakuli, rimu hiyo imekwisha, nayo yaweza kupasuka njiani.

3. Cheni. Chukua rula. Hesabu vipande 24 vya cheni, upime kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya 25. Cheni mpya huwa milimita 305. Ikifika 306 na nusu, yataka kubadilishwa. Ikifika 308, imekwisha kuyala meno ya gia pia, na hapo utanunua vyote viwili. Mpunguzie mwuzaji bei kwa kadiri hiyo.

4. Uma wa mbele. Baiskeli nyingine zina uma wenye springi. Hupendeza macho, lakini ni uzito zaidi na ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika. Mchukuzi wa maziwa hana haja nao.

5. Kimo chako. Simama ukiwa umepanda bomba la juu katikati ya miguu, lisikuguse. Akina mama wanaovaa nguo ndefu watafute fremu yenye bomba lililoinama, ambayo ni rahisi kupanda na kushuka hata mzigo ukiwa nyuma. Ukikaa, weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Kisha ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya mguu, goti litakunjika kidogo, ndivyo itakiwavyo. Kiti kikiwa chini mno magoti huuma. Lakini usivute nguzo ya kiti kupita ile alama iliyochorwa, kwani itavunjika.

6. Hati. Dai risiti yenye jina la mwuzaji, tarehe na nambari ya fremu. Nambari hiyo mara nyingi imegongwa chini ya fremu, pale pedali zinapopita. Ukilipa kwa M-Pesa, uhifadhi ujumbe. Mtu asiyetaka kuandika risiti huenda anauza baiskeli ya mwenzako, na polisi wakiikamata kwako utapoteza baiskeli na fedha pia.

TAHADHARI YA TAIRI LA "28"

Hapa wakulima wengi hupoteza fedha. Mtu huenda dukani akasema, "Nipe tairi la 28," akapewa, akafika nyumbani, tairi likakataa kuingia au likapwaya. Sababu ni kwamba Black Mamba huitwa 28, na chotara nyingi nazo huitwa 28, lakini rimu zao si sawa. Rimu ya Black Mamba ni milimita 635 pale tairi linapokaa. Ya chotara yenye tairi la 700C ni milimita 622. Tofauti ya milimita 13 yatosha kukuachia tairi lisilofaa kitu.

Dawa ni rahisi. Soma ubavuni mwa tairi lako, utakuta nambari mbili zenye kistari katikati, kwa mfano 40-622. Nambari ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, na ya pili ni kipimo cha rimu. Ziandike kwenye karatasi, uende nazo dukani. Nambari ya pili lazima ilingane kabisa. Ya kwanza yaweza kuzidi au kupungua kidogo, mradi tairi lisisugue fremu wala madigadi. Kwa barabara zetu za changarawe, upana wa 38 hadi 42 ni mzuri.

Tazama valvu pia. Ziko za namna tatu: ile ya baiskeli zetu za zamani, ile nene kama ya gari, na ile nyembamba yenye kinati kidogo kichwani ambacho hulegezwa kabla ya kujaza. Hakikisha pampu yako yaingia katika valvu yako kabla hujakwama porini.

Upepo nao una kipimo chake, kimeandikwa ubavuni mwa tairi. Kwenye changarawe weka wa katikati ya kile kipimo cha chini na cha juu. Ukiwa umebeba mzigo, ongeza tairi la nyuma. Tairi laini hugonga jiwe mpaka rimu ikabana tyubu na kuitoboa matundu mawili sambamba. Ukiona matundu mawili, usitafute mwiba, tafuta pampu.

MZIGO WA KADIRI

Lita moja ya maziwa ina uzito wa zaidi ya kilo moja kidogo. Mkebe wa lita 20 uliojaa basi ni zaidi ya kilo 20, na mkebe wenyewe juu yake. Sasa tazama keria ya baiskeli chotara: mara nyingi uzito wa mwisho umegongwa kwenye chuma chake, na kwa nyingi ni kilo 25. Kwa hiyo mkebe mmoja wa lita 20 ni mzigo halali. Mfuko wa mbolea wa kilo 50 si mzigo wa keria hiyo. Gawanya mara mbili, au uombe nafasi kwenye mkokoteni wa jirani. Gunia la kilo 90 usilifikirie.

Funga mkebe chini na katikati, kwa mikanda ya tyubu kuukuu iliyopita mara mbili kwa njia ya msalaba. Mkebe ukicheza, baiskeli nayo hucheza, na kwenye kona utaanguka. Usiutundike mkebe kwenye usukani hata ukiwa nusu, kwa sababu usukani ndio unaokuongoza, na mkebe uning'iniao utaugeuza usipotaka, au uingie katika spoki. Ukibeba mikebe miwili midogo, weka mmoja kila upande wa gurudumu la nyuma, iwe sawa kwa uzito.

Kila juma kaza nati za keria. Barabara mbovu hulegeza nati kidogo kidogo, na mwenye baiskeli hajui mpaka keria imeangukia gurudumu.

GIA SI MAPAMBO

Kuna watu wanaonunua baiskeli yenye gia 21 kisha wakatumia moja tu. Tufanye hesabu ya meno. Baiskeli isiyo na gia yenye meno 44 mbele na 18 nyuma, ukizungusha pedali mara moja, gurudumu huzunguka karibu mara mbili na nusu. Hapo umekwenda mita 5 na zaidi kwa mzunguko mmoja. Kwenye tambarare ni vyema, lakini mlimani na mkebe nyuma utashuka usukume. Chotara yenye meno 28 mbele na 28 nyuma, ukizungusha pedali mara moja, gurudumu huzunguka mara moja tu. Umekwenda kama mita 2 hivi, lakini kwa nguvu chini ya nusu. Utapanda polepole, na utafika juu ukiwa bado na pumzi.

Kanuni ni tatu. Kwanza, badilisha gia kabla mlima haujakushika, si wakati umekwisha kukwama. Pili, unapobadilisha, endelea kuzungusha pedali lakini kwa wepesi. Ukikanyaga kwa nguvu cheni itaruka au kukatika. Tatu, usitumie meno makubwa ya mbele pamoja na meno makubwa kabisa ya nyuma, wala madogo pamoja na madogo kabisa. Cheni ikikaa upande hivyo hulika upesi.

BREKI NI UHAI

Ndugu msomaji, kipande hiki kisome mara mbili. Kuteremka na kilo 20 za maziwa nyuma si sawa na kuteremka mtupu. Mzigo hukusukuma, na njia ya kusimamia huwa ndefu.

Kwanza jua mkono upi una breki ipi. Baiskeli za hapa Kenya, kama za Uingereza, kwa kawaida breki ya mbele iko mkono wa kulia. Lakini baiskeli za mtumba zilizotoka nchi nyingine za Ulaya au Marekani mara nyingi zina breki ya mbele mkono wa kushoto. Mtu aliyezoea moja akapanda nyingine, siku ya kushtuka atabana mkono usio wake na kupinduka. Ijaribu kwanza uwanjani, polepole, mpaka mikono imezoea. Au mwambie fundi abadilishe waya.

Pili, punguza mwendo kabla ya kuanza kuteremka. Tumia breki zote mbili pamoja, ubane na kuachia, ubane na kuachia. Ukishika moja kwa moja mlima mzima, rimu na raba hupata moto na nguvu hupungua. Kwenye changarawe legelege usibane ya mbele kwa ghafula, maana gurudumu la mbele likiteleza hakuna wa kukuokoa. Sogeza mwili nyuma kidogo.

Tatu, mvua. Rimu yenye maji haishiki mara moja. Gusa breki kidogo mapema ili raba zifute maji, kisha ndipo ubane. Wakulima wa Mwea na wa kila mahali penye udongo mweusi mnajua jinsi udongo huo unavyojaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likagoma. Hapo shuka, utoe kwa kijiti. Ukilazimisha utavunja madigadi au gia. Katika msimu wa mvua kubwa, afadhali kuzunguka kwa njia ndefu yenye changarawe.

Nne, tazama waya. Nyuzi za waya wa breki hukatika moja moja, hasa kwenye mkono wa breki. Ukiona uzi mmoja umejitokeza, badilisha waya siku hiyo hiyo. Waya ni bei ya vitu vidogo vidogo; mguu uliovunjika wakati wa kupanda ni msimu mzima.

KUIFUNGA ISIIBWE

Mwizi wa baiskeli hatafuti baiskeli nzuri. Atafuta iliyofungwa vibaya. Basi shika mambo haya.

Ifunge kwenye kitu kisichong'oka. Baiskeli iliyofungwa gurudumu kwa gurudumu tu bila kushikizwa mahali, mtu huibeba begani kama mwana-kondoo. Na kigingi kifupi hakifai, kwani ataiinua ipite juu.

Shika fremu na gurudumu la nyuma pamoja. Ukifunga gurudumu la mbele peke yake, utakuta gurudumu la mbele peke yake. Baiskeli nyingi za chotara zina vishikizo vya kufungulia magurudumu kwa mkono bila spana. Mwambie fundi aviondoe na kutia ekseli yenye nati za kawaida. Kiti nacho, kikiwa na kishikizo cha namna hiyo, tia bolti.

Nunua kufuli ya kweli. Waya mwembamba uliovikwa plastiki hukatwa kwa koleo. Kufuli ya chuma kinene yenye umbo la U, au mnyororo mzito wenye kufuli nzuri, ndiyo ya kutegemea. Usiache kufuli ikalala chini, kwa kuwa mwizi ataigonga kwa jiwe ardhi ikimsaidia. Iwe juu, na tundu la ufunguo lielekee chini, maji na vumbi visiingie. Ufunguo wa pili uache nyumbani kwa mtu unayemwamini.

Usiku iingie ndani. Ikibidi kukaa ghalani, chimbia pete ya chuma katika saruji ya sakafu na uifunge hapo. Mbwa ni mlinzi mzuri, lakini mbwa hula nyama ya mwizi mwenye akili.

Andika nambari ya fremu mahali pawili, na upige picha ya baiskeli kwa simu, wewe ukiwa umesimama karibu nayo. Ikiibwa, nenda kituo cha polisi siku ile ile na risiti, nambari na picha, uandikishe, na usiondoke bila nambari ya OB. Kisha waarifu mafundi wote wa sokoni, kwa kuwa baiskeli ya wizi mara nyingi hupita mkononi mwa fundi kabla ya kuuzwa.

Hapa tuna neno kwa kamati za vyama vya ushirika. Wanachama hufika kituoni alfajiri, wote pamoja, na kila mmoja huegemeza baiskeli yake ukutani huku akikimbilia mizani. Bomba moja refu la chuma, lililosimamishwa kwenye saruji kwa urefu wa kiuno, mbele ya macho ya karani wa kupima, lingetosha kwa baiskeli nyingi. Pelekeni jambo hili kwenye mkutano ujao. Gharama yake, ikigawanywa kwa wanachama wote, ni ndogo kuliko baiskeli moja iliyopotea.

BARABARANI

Sheria yetu ni kushika upande wa kushoto, na baiskeli ni chombo kama vyombo vingine. Usipite upande wa kulia eti kwa sababu ni njia ya mkato. Gari lijalo mbele yako halitakutazamia pale.

Usishike ukingo kabisa wa lami. Mara nyingi ukingo umeliwa, na ukiteremka ghafula kwenye shimo la changarawe utaanguka upande wa magari. Acha nafasi kama ya mkono mmoja kutoka ukingoni. Kabla ya kugeuka, tazama nyuma, nyosha mkono wa upande unaokwenda, ndipo ugeuke.

Alfajiri na jioni ndiyo saa ya maziwa, na ndiyo saa ya hatari. Katika Kinangop, ukungu waweza kumficha hata ng'ombe mweupe. Washa taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma, uvae koti lenye mistari ing'aayo. Kofia ngumu ya kichwa haiongezi fahari, lakini fuvu halichomelewi. Pikipiki za boda boda huja kwa kasi na huja pande zote. Usishindane nazo. Kengele yako ni salamu, haisimamishi gari.

Na watoto wa shule wanaotumwa na maziwa: mtoto asiyeweza kuweka mguu chini akiwa amekaa asipewe baiskeli yenye mzigo. Apewe kwanza baiskeli tupu, na mlima ulio mdogo.

KALENDA YA BAISKELI

Kata sehemu hii, uibandike ukutani karibu na kalenda ya dawa za ng'ombe.

KILA SIKU: Bonyeza matairi. Bana breki zote mbili. Tikisa mzigo kabla ya kuondoka. Haya yote ni dakika moja.

KILA JUMA: Futa matope na vumbi kwa kitambaa. Futa cheni, tia tone moja moja la mafuta safi juu ya kila pini, zungusha, kisha futa yaliyozidi. Usitie mafuta machafu ya injini, maana yana vumbi la chuma ndani yake na hula cheni kama msasa. Mafuta yasiguse rimu wala raba za breki. Kaza nati za keria na za magurudumu. Jaza upepo.

KILA MWEZI: Pima cheni kwa rula. Tazama raba za breki. Mifereji yake ikiisha, nunua nyingine. Tazama waya zote. Gonga spoki moja moja kwa kidole. Iliyolegea hulia sauti nzito kuliko wenzake.

KILA MWAKA, kabla ya mvua za masika: Mpelekee fundi afungue habu, usukani na pedali, asafishe na kutia grisi mpya. Ukitaka kufungua pedali mwenyewe, kumbuka kwamba ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha upande wa saa, kinyume cha kawaida. Wengi wameharibu uzi wa pedali hiyo kwa kulazimisha.

NJIANI SIKU ZOTE: Pampu, kiraka na gundi yake, kipande cha msasa, vijiko viwili vya kutolea tairi na spana. Ukiziba tundu, kwanza pitisha vidole polepole ndani ya tairi uutoe mwiba, la sivyo utaziba tena baada ya hatua mia.

Tumeanza na hesabu, na tuliache jambo hili kwa hesabu. Dakika moja ya kila siku na robo saa ya kila juma hazifiki saa mbili kwa mwezi. Kwa saa hizo mbili wapata zile 42, na maziwa yako yanafika kituoni yakiwa bado matamu. Anza leo jioni: kagua breki, tafuta nambari ya fremu, uiandike.